Ritifaa ya ng' na Kihariri cha Vim

Tahajia ya Kiswahili sanifu haina alama juu wala chini ya herufi. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilithibitisha maandishi yatumiayo herufi zile zile za Kirumi zilizokuwamo katika kila mashine ya kupigia chapa, na matokeo yake ni kwamba Kiswahili kiliingia katika kompyuta bila ya taabu zilizozikuta lugha nyingine nyingi za Afrika. Sauti moja tu ilihitaji msaada wa alama isiyo herufi, nayo ni ile inayoanzia neno ng'ombe. Alama hiyo ni ritifaa, na ndiyo inayomsumbua leo mtu anayetunza maandishi ya Kiswahili kwa kompyuta.

Ritifaa hii si pambo. Ngoa ni tamaa au wivu. Ng'oa ni kutoa kitu kilichoshika mizizi. Kwa msomaji, ng' ni konsonanti moja. Kwa kompyuta ni vitu vitatu, yaani herufi mbili na alama ya uakifishi. Na kwa kuwa programu nyingi zimefundishwa kwamba alama ya uakifishi ndiyo mpaka wa neno, neno hukatwa pale pale. Ng'ofu, yaani mayai ya samaki, huwa ng na ofu. Ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa akakaushwa, huwa ng na onda. Haya yaonekana upesi, maana ofu na onda si maneno ya mtu yeyote. Hatari iko katika ng'amua na ng'oa, kwa sababu mabaki yake ni amua na oa, ambayo ni maneno halali: orodha ya maneno itahesabu ndoa na maamuzi ambayo hayamo katika maandishi yenyewe, na mchunguzi hatakuwa na njia ya kuyashuku.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuandaa na kutumia kihariri kimoja, Vim, ili kosa hilo lisitokee. Mfano unaotumiwa ni faili ya maneno ya uvuvi, ya namna ambayo mkusanyaji angeweza kuiandika Kamanga, wilayani Sengerema, ng'ambo ya ghuba kutoka mjini Mwanza. Mahali hapo panafaa kwa sababu mbili. Kwanza, msamiati wa samaki una ng' kwa wingi. Pili, Kisukuma, ambacho ndicho lugha ya wenyeji wengi wa sehemu hizo, kinaitumia sauti hiyo kuliko Kiswahili: mtoto ni ng'wana, na mji wenyewe wa Mwanza katika kinywa cha Msukuma ni Ng'wanza. Aliyezoea kuiona ng' kama jambo la nadra, kama ilivyo katika maandishi mengi ya pwani, atabadili mawazo akiandika majina ya watu kandokando ya ziwa.

Neno kihariri lenyewe lahitaji kusemewa kidogo. Mhariri ni mtu, na chombo chake kimepewa kiambishi ki-. Kanuni ya vyombo katika Kiswahili ingedai irabu -o mwishoni, kama katika kifuniko na kizibo, lakini vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havikubali badiliko hilo kwa urahisi, na kiharirio haikushika. Kihariri, basi, ni programu ya kuandikia na kusahihisha maandishi matupu, yasiyo na rangi, ukubwa wa herufi wala mapambo ya ukurasa. Ni kitu tofauti na programu ya ofisi kama ile Jambo OpenOffice iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Programu ya ofisi hutengeneza barua na ripoti. Kihariri hutunza neno. Mtunga kamusi, mkusanyaji wa hadithi na mwenye kuchunguza sarufi wana haja na hiki cha pili, kwa kuwa maandishi matupu husomeka katika kompyuta yoyote, ya jana na ya kesho, wala hayategemei kampuni yoyote kuendelea kuishi.

Vim hufanya kazi ndani ya dirisha la amri, ambalo wenye ufundi huliita terminali: pahali ambapo mtu huandika amri kwa herufi, na kompyuta humjibu kwa herufi. Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1969 Ken Thompson alitunga kihariri kiitwacho ed, wakati ambapo majibu ya kompyuta yalichapwa juu ya karatasi. Mwaka 1976 Bill Joy, huko Berkeley katika Marekani, alianza kutunga vi, kilichoweza kuonyesha ukurasa mzima kwenye kioo. Mawasiliano ya siku hizo yalikwenda polepole mno, kwa hiyo amri zilifupishwa hata kuwa herufi moja moja. Ubahili huo, uliozaliwa na shida ya Marekani ya wakati ule, unamfaa leo mtu anayefanya kazi kwa mtandao hafifu: anaweza kuhariri faili iliyo katika kompyuta ya mbali, na kinachosafiri ni herufi chache tu.

Vim ni mtoto wa vi, na mtungaji wake alikuwa Mholanzi, Bram Moolenaar, aliyeitoa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1991 na kuiendeleza hata alipofariki tarehe 3 Agosti 2023. Hapa pana jambo linaloihusu nchi ya ziwa hasa. Katikati ya miaka ya 1990 Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, katika eneo la Rakai, upande wa magharibi wa ziwa lile lile linalopiga ufuko wa Kamanga. (Si Kibaale ya Bunyoro, iliyo mbali kaskazini.) UKIMWI ulikuwa umeacha mayatima wengi huko. Tangu hapo programu yake ikatolewa bure, kwa ombi tu kwamba aitumiaye akumbuke kuwasaidia watoto wa Uganda. Na kwa miaka mingi mtu aliyeifungua Vim bila ya faili, awe Tokyo au Chicago, alikuta ombi hilo limeandikwa katikati ya kioo. Baada ya kifo chake kazi ya kukusanya misaada ilipokewa na shirika la Kanada liitwalo Kuwasha. Jina ni la Kiswahili na maana iliyokusudiwa ni ya taa, ingawa mwenye lugha hawezi kujizuia kukumbuka pia upupu.

Kuiweka Vim katika kompyuta ni kazi ya dakika chache. Katika mfumo wa Linux wa aina ya Debian au Ubuntu huandikwa:

sudo apt install vim

Asiye na kompyuta aweza kutumia simu ya Android. Ataweka kwanza programu ya Termux, ambayo humpa dirisha la amri, kisha ataandika:

pkg install vim

Termux huongeza juu ya kibodi ya simu safu yenye vitufe vya ESC na CTRL, ambavyo Vim haiwezi kuendeshwa bila yavyo. Yafaa kazi hii ifanywe penye mtandao mzuri, kabla ya kupanda kivuko; baada ya hapo kuandika hakuhitaji mtandao tena. Faili ya mfano hufunguliwa, au huanzishwa ikiwa haipo, kwa kuandika:

vim uvuvi.txt

Mgeni wa Vim hukwama mara moja, kwa maana hupiga herufi asione zinaandikwa. Sababu ni kwamba Vim ina hali mbalimbali. Ikifunguliwa huwa katika hali ya kuamuru, ambamo kila herufi ni amri. Akipiga i huingia katika hali ya kuandika, na herufi huwa herufi. Akipiga ESC hurudi katika hali ya kuamuru. Amri ndefu zaidi huanza na nukta mbili na kuonekana chini ya kioo: :w huhifadhi, :q hufunga, :wq hufanya yote mawili, na :q! hufunga bila ya kuhifadhi. Mwalimu anayefundisha Vim angefanya vema kukaa juu ya jambo hili moja hata wanafunzi wachoke, kwa kuwa aliyelielewa amekwisha pita penye shida, na asiyelielewa atauchukia mtambo mzima.

Katika hali ya kuamuru kuna sarufi. Herufi d ni kitenzi, nacho ni kufuta. Herufi c ni kubadili. Herufi y ni kunakili. Herufi w ni jina, nalo ni neno. Kwa hiyo dw ni kufuta neno, na d2w ni kufuta maneno mawili, isipokuwa kwamba idadi imetangulia jina, jambo ambalo Kiswahili hakilikubali. Herufi hizi zimetokana na maneno ya Kiingereza, na wako wanaopendekeza zibadilishwe ziwe vifupisho vya Kiswahili. Vim yenyewe huruhusu. Lakini pendekezo hilo lina hasara kubwa kuliko faida: aliyejifunza amri za kwake peke yake atakuwa mgeni katika kompyuta ya mwenzake. Wapiga simu wa posta walijifunza nukta na vistari vya Morse bila ya kuuliza vilikuwa vya lugha gani, na herufi za Vim zaweza kujifunzwa vivyo hivyo.

Kilicho muhimu zaidi kuliko jina la herufi w ni maana yake. Neno, kwa Vim, ni mfululizo wa herufi, tarakimu na kistari cha chini, ritifaa haimo. Kielekezi kikiwa juu ya herufi n ya ng'onda, amri dw huondoa ng na kuacha 'onda. Ili kulifuta neno zima itabidi amri irudiwe mara tatu: mara ya ng, mara ya ritifaa, mara ya onda. Amri ya kutafuta hupotoka vibaya zaidi. Kitufe cha nyota hutafuta pengine palipoandikwa neno lililo chini ya kielekezi. Kikipigwa juu ya mwanzo wa ng'ofu, Vim itatafuta ng iliyosimama peke yake, na kwa hesabu yake ng hiyo imo katika ng'ambo na ng'ombe sawasawa. Mtu aliyetaka mayai ya samaki atajikuta ng'ambo.

Dawa ni mstari mmoja. Vim ina orodha ya alama zinazohesabiwa kuwa sehemu ya neno, na ritifaa huongezwa humo kwa namba yake, ambayo ni 39:

:set iskeyword+=39

Tangu hapo ng'onda ni neno moja, kwa kufuta na kwa kutafuta. Ili amri isiandikwe upya kila siku, huwekwa bila ya nukta mbili katika faili iitwayo .vimrc, ambayo Vim huisoma kila inapofunguliwa. Kwa faili za maandishi matupu hilo latosha. Aina nyingine za faili, hasa za watunzi wa programu, huja na kanuni zao ambazo huenda zikaubatilisha mstari huo.

Kuna bei ya kulipa. Wanaisimu wamezoea kufunga maana ya neno ndani ya ritifaa mbili, na Vim iliyoambiwa kwamba ritifaa ni herufi itazichukua hizo pia kuwa sehemu ya neno. Afadhali, basi, maana zifungwe kwa alama za mtajo zilizo mbili mbili, na ritifaa iachiwe ng' peke yake. Wako wanaokwepa jambo lote kwa kutumia W kubwa, ambayo humaanisha chochote kilicho baina ya nafasi na nafasi. Ni kweli kwamba dW huifuta ng'onda yote, lakini huifuta pamoja na mkato au nukta inayoifuata, na katika faili ya kamusi alama hizo ndizo zinazotenga neno na maelezo yake.

Taabu nyingine hutoka nje. Maandishi yaliyoandikwa kwa programu za ofisi, na kwa baadhi ya simu, huja na ritifaa iliyopinda, ’, ambayo kwa jicho ni ile ile lakini kwa kompyuta ni alama tofauti kabisa. Orodha ya Vim iliyotajwa hapo juu haifiki kwenye alama hiyo, kwa sababu inashughulikia namba zisizozidi 255. Hapana budi kuibadilisha alama yenyewe. Kubadilisha kila ’ iliyomo katika faili ni haraka ya hatari, kwa kuwa nyingine ni alama za kufungia maneno ya msemaji. Hapa sarufi ya Kiswahili yaleta msaada ambao Kiingereza kisingeweza kuutoa: silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, au mara chache kwa m au n, na hakuna neno la Kiswahili linaloishia kwa ng. Kwa hiyo kila alama iliyopinda inayofuata ng moja kwa moja ni ya konsonanti, isipokuwa baada ya majina ya kigeni kama Hong Kong. Amri ni hii:

:%s/\c\(ng\)’/\1'/gc

Alama ya asilimia ni kusema faili nzima. Alama \c ni kutojali herufi kubwa na ndogo. Mabano huishika ng kama ilivyoandikwa, na \1 huirudisha vile vile, ili Ng'wanza isije ikawa ng'wanza. Herufi c ya mwisho huifanya Vim iulize kila inapofika, na mwandishi hujibu y au n. Kwa faili ndefu, baada ya kujibu mara ishirini au thelathini na kuona hakuna kosa, hupigwa a, na yaliyobaki hubadilishwa yote.

Kuhusu umeme kukatika, Vim imejihami vizuri. Faili ikiwa wazi, Vim hutunza kando yake faili ya akiba, katika mfano huu .uvuvi.txt.swp, na huandika humo kila baada ya herufi 200 kupigwa, au zikipita sekunde 4 bila ya kibodi kuguswa. Kompyuta ikizimika ghafula, kinachopotea ni maneno machache ya mwisho. Umeme ukirudi huandikwa vim -r uvuvi.txt, maandishi hukaguliwa na kuhifadhiwa kwa :w, kisha faili ya akiba hufutwa, la sivyo Vim itaendelea kuonya kila mara. Wengi huliona onyo hilo wakadhani faili imeharibika, nao huchagua jibu lolote ili liondoke. Hivyo ndivyo kazi hupotea, wala si kwa umeme.

Vim yaweza pia kukagua tahajia ya Kiswahili, ikiwa faili ya tahajia ya lugha hiyo imekwisha pakuliwa, kwa mistari hii miwili katika .vimrc:

set spell
set spelllang=sw

Maneno isiyoyajua huyatia alama; ]s hupeleka kielekezi kwenye linalofuata, z= huonyesha mapendekezo, na zg huliingiza neno katika orodha ya mwandishi mwenyewe. Mategemeo yasiwe makubwa. Ukaguzi wa namna hii hutegemea orodha ya maneno, na kitenzi cha Kiswahili hakiorodhesheki. Kitenzi ona pekee, kikipewa viambishi 6 vya nafsi, 4 vya wakati (-na-, -li-, -ta-, -me-) na 5 vya yambwa ya watu, hutoa maumbo 120. Hata yakiondolewa yasiyosemwa, kama ninaniona, yanabaki karibu 100, kabla ya kugusa ukanushi, ngeli nyingine, au kauli za onesha, onwa na onana. Kwa hiyo neno lililotiwa alama si lazima liwe kosa, na mwenye faili ya uvuvi atakuta furu na sangara vimeshukiwa pamoja na makosa ya kweli. Amri zg ndiyo yenye faida ya kudumu: orodha inayokua humo, baada ya miezi michache, ni msamiati wa mahali ambao kamusi haikuwa nao.

Faili ikiisha, mistari hupangwa kwa :sort i, ambayo haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Ritifaa ina namba iliyo chini ya namba za herufi zote, na kwa hiyo maneno yote ya ng' yatakuja mbele ya ngalawa, kundi zima pamoja, kana kwamba ng' ni herufi yenye nafasi yake katika alfabeti. Mtunga kamusi atakayependa ng'ofu ikae karibu na ngoa itambidi ayahamishe kwa mkono.

Kwa Kisukuma iko kazi zaidi, kwa kuwa kina irabu 7 na kibodi ya kawaida ina 5. Atakaye kuzionyesha zote kwa herufi za kifonetiki atapiga CTRL na V katika hali ya kuandika, kisha u026A kupata ɪ, au u028A kupata ʊ. Na akipendelea ŋ badala ya ng', basi u014B. Herufi hizi tatu Vim huzihesabu kuwa sehemu ya neno bila ya kuambiwa. Aliyechagua ŋ tangu mwanzo hana haja na mstari wa iskeyword, lakini wasomaji wake wa Sengerema, waliozoea kuyaona majina yao yameandikwa kwa ng'w, itabidi aandikiwe faili ya pili kwa ajili yao, nayo hupatikana kwa amri moja:

:%s/ŋ/ng'/g